Uzi: Tunampimaje muuzaji wa vipuri vya malori makubwa kabla ya kumpa fedha?

Heshima yenu wanajamvi.

Karibu kila wiki naona mwenzetu akiuliza ni duka gani lenye spea nzuri za malori, na majibu yanayokuja huwa ni majina ya maduka na namba za simu. Jina la duka pekee halimsaidii sana mwenye gari, kwa kuwa duka hilo hilo huweza kumuuzia mmoja kipuri halali asubuhi na kumuuzia mwingine kopi jioni, kutegemea nani alikuwa kaunta na mnunuzi alijua kuuliza nini. Ningependa nieleze jinsi ninavyompima muuzaji mwenyewe, kisha wenye uzoefu zaidi wanisahihishe.

Nina malori matatu yanayotoka Dar es Salaam kwenda Tunduma na kuvuka kuingia Zambia. Mawili ni Actros za Mercedes zenye injini ya OM501, na moja ni Howo ya Kichina ya nguvu za farasi 371. Mwaka juzi nilibadilisha beringi za habu, yaani kitovu cha gurudumu, kwenye ekseli ya nyuma ya tela moja. Nilizinunua mjini Dar es Salaam, katika duka nililoelekezwa na rafiki, na zilikuwa ndani ya boksi lenye jina la kampuni kubwa ya Ulaya. Tofauti ya bei na duka la jirani ilikuwa shilingi 45,000, nami nikaona nimeokoa fedha. Hazikumaliza miezi miwili. Gari ikiwa imebeba shaba, imeshamaliza kushuka Kitonga na kuufikia uwanda wa Ruaha Mbuyuni, utingo aliona moshi kwenye tairi la kushoto. Walipofungua habu walikuta grisi imegeuka nyeusi na nyembamba kama oili chafu, vizimba vinavyoshika rola vimekatika vipande, na ringi ya ndani imejisaga juu ya ekseli hadi imeiachia mchirizi unaoweza kuuhisi kwa ukucha. Hapo ndipo hasara ilipo, kwa sababu beringi unaweza kununua nyingine, lakini ncha ya ekseli ikishaliwa unaingia kwenye gharama ya aina nyingine kabisa. Dereva wangu alilala barabarani siku tatu, na mwenye mzigo alikuwa akinipigia simu kila asubuhi.

Nilirudi dukani na beringi zilizokufa pamoja na risiti. Kijana wa kaunta aliziangalia, akageuza boksi, akasema, "Mzee, hizi si za kwetu." Nikampa risiti. Ilikuwa risiti halali ya mashine ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, yenye tarehe na kiasi sahihi, lakini kwenye mstari wa bidhaa paliandikwa neno moja tu, "spea". Sikuwa na kitu chochote cha kuonyesha kwamba spea ile ilikuwa beringi, wala kwamba ilikuwa beringi ya kampuni ile. Nilitoka pale nikiwa na hasira, lakini nikijua pia kwamba kosa la kuipokea karatasi ile lilikuwa langu.

Tangu siku hiyo ninampima muuzaji kwa mambo mawili: anachoniuliza kabla ya kutaja bei, na anachokubali kuandika baada ya kupokea fedha.

Nianze na maswali yake. Ukimpigia simu mtu wa spea ukamwambia unataka klachi ya Actros, naye papo hapo akakutajia bei, huyo hajui anauza nini au hajali. Actros zimetoka katika vizazi mbalimbali, zikiwa na injini na gia boksi tofauti, na sahani za klachi hutofautiana kwa kipenyo na kwa meno ya katikati yanayoingia kwenye shafti ya gia boksi. Muuzaji anayejua kazi atakuomba namba ya chesisi yenye tarakimu na herufi 17, au kwa Scania atatosheka na tarakimu saba za mwisho, kisha ataingia kwenye katalogi na kukutolea namba ya kipuri. Namba hiyo ndiyo lugha ya biashara hii. Kipuri cha Mercedes namba yake huanza na herufi A, na vya injini ya OM501 vingi vinafuatiwa na 541. Vya Howo vya chesisi na kabini huanza na WG, na vya injini huanza na VG. Muuzaji asiyeweza kukupa namba anakisia kwa kuangalia umbo, na umbo hudanganya.

Hata namba ya chesisi haitoshi kwa magari yetu, na hapa ndipo muuzaji mzuri sana anapojitenga na muuzaji mzuri wa kawaida. Malori mengi yanayotembea barabara ya Tunduma yameshabadilishwa injini, gia boksi au difu zaidi ya mara moja, kwa hiyo chesisi itakuambia gari lilivyotoka kiwandani na siyo lilivyo leo. Muuzaji ninayemtegemea sasa, mara ya kwanza nilipompelekea namba ya chesisi ya Howo yangu, alinijibu, "Bosi, nipigie picha kibati cha injini kabla hatujaongea chochote." Sababu yake ilikuwa hii: injini ya familia ya WD615 imetengenezwa na Sinotruk, wenye Howo, na pia na Weichai, na vipuri vya Weichai vina namba zinazoanza na 612600 badala ya VG. Vingi vinafanana, baadhi vinaingiliana, na vichache vinafanana kwa macho lakini havikai sawasawa. Alikuwa sahihi kuuliza, kwani injini ya gari langu ilikuwa imeshabadilishwa na mwenye gari wa kwanza. Mtu aliyekubali kuchelewesha mauzo yake kwa picha moja alinipa imani kuliko yeyote aliyewahi kuniapia kwamba mali yake ni orijino.

Neno hilo "orijino" nalo limeshapoteza maana, na ningeomba tuache kulitumia tunapoagiza. Kipuri kinaweza kuwa kile kilicho kwenye boksi la mtengenezaji wa gari. Kinaweza kuwa kilichotengenezwa na kampuni inayokipelekea kiwanda cha magari lakini kikauzwa kwenye boksi lake yenyewe, kwa mfano klachi ya Sachs, pistoni ya Mahle au kifaa cha breki cha Knorr-Bremse, na mara nyingi hapa ndipo mwenye gari anapata ubora ule ule kwa bei nafuu. Kuna pia vya kampuni zinazotengeneza vipuri mbadala kwa jina lao wazi, kama Febi au DT, ambavyo si feki kwa sababu havijifanyi kuwa kitu kingine. Kisha kuna kopi isiyo na jina, kuna mtumba kutoka kwenye magari yaliyofunguliwa, na mwisho kuna feki halisi, yaani kopi iliyovalishwa boksi na nembo ya mtu mwingine. Muulize muuzaji, "Hiki kimetengenezwa na nani?" Akikujibu kwa jina la nchi tu, kwamba ni cha Ujerumani au cha Uturuki, hajakujibu, maana katika nchi hizo vinatengenezwa vizuri na vibaya. Ninamheshimu sana muuzaji anayesema, "Hii ni kopi, bei yake hii, siwezi kukuhakikishia itadumu."

Jambo la pili ni maandishi. Sasa silipi mpaka ankara iwe na jina la kipuri, namba yake, jina la mtengenezaji, idadi, na muda ambao muuzaji atakipokea kikionekana na kasoro. Risiti ya EFD inakuja pamoja na ankara hiyo na haichukui nafasi yake. Risiti yenyewe nayo naihakiki kwa msimbo wake katika mfumo wa TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, na ninahakikisha jina lililo kwenye risiti ndilo jina la duka nililosimama ndani yake na ndilo jina linalotokea kwenye simu ninapolipa. Mwenye kampuni iliyosajiliwa kwa VAT anajua pia kwamba bila risiti ya EFD hawezi kudai ile asilimia 18 aliyolipa. Muuzaji akikuambia atakupunguzia bei ukikubali bila risiti, anakuambia pia kwamba siku kipuri kikifa hamjawahi kuonana.

Kuna faida nyingine ya maandishi ambayo wengi hatuitumii. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamlinda mnunuzi aliyemweleza muuzaji kazi anayoitakia bidhaa na akategemea ujuzi wake katika kuichagua. Kwa hiyo naandika ombi langu kwenye WhatsApp hata kama duka liko mtaa wa pili: "Nahitaji beringi za habu ya tela, namba 33118 na 33213, tela linabeba shaba kutoka Zambia, naomba unachokiamini kwa kazi hiyo." Jibu lake linabaki kwenye simu yangu. Kwa bidhaa bandia hasa, hapa Tanzania kuna Tume ya Ushindani, ambayo inasimamia Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963, na malalamiko yanayokwenda na ankara yenye namba za vipuri yana uzito kuliko simulizi.

Mchunguzeni pia yule kijana anayeambiwa "kalete". Umekaa kwenye kiti, muuzaji amekukubalia kwamba kipuri kipo, kisha anamkonyeza kijana anayetoka nje na kurudi baada ya dakika kumi na boksi mkononi. Kipuri hicho kimetoka duka jingine, na pengine hilo nalo limekitoa kwingine. Sisemi ni dhambi, kwani hakuna duka lenye kila kitu, ila muuzaji aseme wazi kwamba anakiazima na kwamba yeye ndiye atakayewajibika nacho. Asiposema, siku ya kurudisha utasikia maneno niliyoyasikia mimi.

Mwisho kabisa nizungumzie filta, kwa sababu kila mtu hununua na wachache huzifungua. Nilichukua filta mbili za oili za Actros, moja kutoka kwa muuzaji wangu na nyingine ambayo dereva aliinunua njiani kwa nusu ya bei, nikazikunjua karatasi zake juu ya meza. Ile ya kwanza karatasi yake ilikuwa na mikunjo iliyobanana na gundi iliyoenea sawasawa mwisho wote wa mikunjo. Ile ya bei rahisi mikunjo yake ilikuwa michache na yenye mapengo yanayopitisha kidole kidogo, na upande mmoja gundi ilikuwa imeruka mikunjo mitatu, kiasi kwamba oili ingepita pale bila kuchujwa hata kidogo. Kwa nje zilifanana hadi rangi. Ninachowashauri ni kwamba mkiwa na muuzaji mpya, anzeni kwake na filta mbili, moja mfunge na nyingine mkate, kabla hamjamkabidhi fedha za klachi.

Karibuni tujadili.

Mchangiaji wa Mbeya, fundi:

Mkuu, uzi wako umeandikwa kwa moyo na nimeusoma wote. Ila umetupita sisi mafundi, ingawa ndio tunaotumwa dukani mara nyingi. Niseme ukweli bila kuficha kwamba cha juu kipo. Fundi huenda dukani, muuzaji humwongezea kiasi kwenye bei na kumrudishia pembeni, na tajiri hulipa bila kujua. Kariakoo kuna na mawinga wanaokupokea barabarani, na wao pia fungu lao limo ndani ya bei yako. Lakini tajiri naye aelewe kwamba anapompa fundi ujira mdogo wa kubadilisha klachi, kisha akamtuma mjini nusu siku bila hata nauli, anamsukuma kwenye cha juu yeye mwenyewe. Ubaya wake mkubwa ni kwamba duka linalotoa cha juu kikubwa ndilo lenye faida kubwa, na faida kubwa iko kwenye kopi. Hivyo fundi anajikuta anafunga kitu ambacho anajua kitarudi gereji.

Mwanzisha uzi:

Fundi wangu, nakushukuru kwa ukweli huo, na nakubali kwamba nililiruka jambo hilo. Mimi nimelitatua kwa kumlipa fundi wangu posho ya kwenda dukani, tofauti na ujira wa kufunga, tena mbele ya muuzaji. Yeye anachagua kipuri na kukikagua, mimi nalipa moja kwa moja kwa jina la duka. Kwa upande wa beringi nimemfundisha na dereva wangu jambo dogo: tarakimu mbili za mwisho za namba kama 33118 ukizizidisha kwa tano unapata upana wa tundu kwa milimita, yaani 90, na kwa 33213 unapata 65. Akienda na rula anaweza kugundua kosa la wazi palepale. Kwa beringi za SKF, kampuni yenyewe ina programu ya simu iitwayo SKF Authenticate, ambayo unapiga picha za beringi na boksi na kuzituma kwa wataalamu wao waangalie kama ni halali. Nilimwambia muuzaji mmoja kwamba nitafanya hivyo, akairudisha beringi kwenye rafu akisema ameshaahidi kumuuzia mtu mwingine.

Mchangiaji wa Mombasa:

Ndugu yangu, salamu kutoka Mombasa. Mimi naendesha biashara ya malori kwenda Malaba na kuingia Uganda, na nataka kutetea kidogo kopi na mtumba. Kioo cha pembeni, madigadi, bampa, taa ya nyuma ya tela, hivyo vyote nanunua kopi bila wasiwasi, kwa kuwa vikivunjika gari linafika. Gia boksi nzima ya mtumba nayo mara nyingi ni bora kuliko kuifungua ya zamani na kuijaza vipuri usivyovijua. Shida ni kwamba muuzaji wa mtumba hukupa muda mfupi sana wa kuijaribu, tena akitaka uijaribu bila mzigo. Mimi namwomba aandike umbali badala ya siku, yaani safari moja ya Malaba na kurudi ikiwa na mzigo. Anayekataa kabisa naelewa kwamba anaijua gia boksi yake vizuri kuliko ninavyoijua mimi. Nawe una msimamo gani kuhusu breki?

Mwanzisha uzi:

Kaka, kwa kioo na bampa niko nawe kabisa, na wazo la kuandika safari badala ya siku nitalichukua. Kwenye breki, stelingi, habu na kingi pini sinunui kopi wala mtumba, na hapo sibadiliki. Umeshaipita Kitonga? Gari lililojaa likitoka Iringa linashuka kwenye kona zinazofuatana, bonde likiwa upande mmoja na ukuta wa mlima upande mwingine. Laini za breki, yaani vile vipande vinavyobana ngoma ya gurudumu, zisizo na ubora zikipata moto wa mteremko ule uso wake unakuwa mgumu na wa kung'aa kama kigae, dereva anakanyaga na gari halipungui mwendo, na akitegemea breki ya ekzosti peke yake kwa uzito wa tani 50 na zaidi amechelewa. Sheria ya udhibiti wa uzito ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaruhusu gari na tela lake kufikia tani 56. Uzito huo wote unaishia kwenye laini hizo, na dereva anayezikanyaga ana watoto wanaomsubiri. Muuzaji akinishauri laini rahisi kwa sababu "wote wanachukua hizi", naondoka na sirudi kwake hata kwa balbu.

Mchangiaji wa Tunduma:

Shikamoo mzee. Sisi wa mpakani hatuna nafasi ya kukaa kwenye kiti na kumwona kijana akitumwa. Tunapiga simu Dar, tunatuma fedha, mzigo unakuja kwa basi. Nimeshapokea boksi la Sachs ambalo ndani yake mlikuwa na sahani ya klachi iliyotumika na kupakwa rangi. Muuzaji akasema imebadilishwa kwenye basi, watu wa basi wakasema hawajui kilichokuwemo. Tufanyeje sisi?

Mwanzisha uzi:

Marahaba, mwanangu. Pole sana kwa hasara hiyo. Kwa mzigo wa basi ninafanya hivi. Kabla ya kutuma fedha namwomba muuzaji picha ya video, isiyokatwa, ikianza na kipuri kikiwa wazi, kisha namba iliyochorwa kwenye chuma chenyewe, kisha kinaingia kwenye boksi, boksi linafungwa kwa utepe wa karatasi wenye gundi, na yeye anaandika kwa kalamu ya wino jina langu na tarehe, mwandiko ukiwa nusu juu ya gundi na nusu juu ya boksi. Gundi ikifunguliwa njiani, mwandiko haurudi kukaa sawa. Halafu ankara yenye namba ya kipuri inatumwa kwenye simu kwanza, na kwenye stakabadhi ya basi panaandikwa "sahani ya klachi moja" badala ya "mzigo mmoja". Ukipokea, fungua palepale ofisini kwa basi huku mtu akikupiga video, kabla hujasaini.

Muuzaji wangu alilalamika mara ya kwanza kwamba ninampotezea muda. Mara ya tatu alikuwa ananitumia video hiyo kabla sijaiomba. Nitumie ujumbe wa faragha ukiwa na picha ya kibati cha gia boksi yako, nikutafutie namba ya klachi inayostahili kabla hujampigia mtu yeyote.